Maji ya Samaki na Nduma za Mama

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mjukuu wangu, na nikiisimulia utanivumilia sauti ikipanda, maana hasira ya siku ile sijaimaliza, na jana wewe umeichochea upya. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuchuma kahawa. Tulikaa laini za wafanyakazi, vile vibanda vya safu, kwenye shamba la Mzungu mmoja huku Ruiru, miaka ile serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Baba alikuwa kizuizini. Mama alichuma kahawa ya watu kutwa, na alicholipwa, kukiita mshahara ni kukiheshimu tu.

Chakula chetu hasa kilitoka bondeni. Nyapara alimwachia Mama kipande cha tope kando ya mfereji, mahali ambapo kahawa isingekubali, naye akapanda nduma, hayo majimbi ya watu wa pwani. Ukipewa tope, unalima tope. Mahindi yakiisha tulichimba nduma, tukachemsha, mimi na wadogo zangu wawili tukalala tumeshiba. Usizidharau kwa sababu wewe unazinunua Thika zikiwa zimeshachemshwa.

Mwaka ule majani yakaanza kuungua kingo. Yakawa ya kahawia pembeni, kisha yakajikunja, kisha yakalala chini. Mama akadhani ni jua. Akashika kibuyu, akawa anateka maji mferejini jioni baada ya jioni na kuzimwagilia. Kadiri alivyomwagilia, ndivyo zilivyozidi kufa. Nikimkumbuka ameinama vile, anazinywesha nduma zake sumu kwa mkono wake mwenyewe huku akizibembeleza, roho inaniuma hadi leo.

Mbuzi ndio waliotuambia. Mbuzi wa nyapara walikuwa wanashuka pale, wanaacha nyasi, wanalamba udongo wa ukingo wa mfereji. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi: mbuzi akiuganda udongo kwa ulimi, pana chumvi. Mama akachovya kidole majini, akaonja, akatema. Akachimbua nduma moja, ilikuwa imeoza nusu, akaishika mkononi na kuufuata mfereji kwenda juu, mimi nyuma yake, mpaka tukatokea nyuma ya jiko la memsabu, mke wa yule Mzungu.

Tukamkuta mjomba Mwaura, mdogo wake Mama wa tumbo moja, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile. Alikuwa na kanzu yake nyeupe, ameinamisha pipa, maji yanamwagika mferejini. Sebuleni memsabu alikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa bahari, wa manjano na wa buluu, wa kutazamwa tu. Ndugu yake wa Mombasa alimletea maji ya bahari kwa treni, mapipa kwa mapipa, hadi stesheni ya Ruiru. Maji yakichafuka, yanatolewa na mapya yanatiwa. Hayo machafu ndiyo yaliyokuwa yakitushukia sisi.

"Mwaura," Mama akamwita, "hayo maji unayapeleka wapi?"

"Ii, dada, ni ya samaki. Niliambiwa nimwage popote."

"Popote ni wapi?"

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yapite. "Si huko chini tu."

"Huko chini kuna nini?"

Mjomba akarudi kuliinamisha pipa lake.

"Nakuuliza, Mwaura! Jumapili ulipokuja kwangu, ulikula nini?"

"Nduma," akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Basi popote ni mimi! Popote ni watoto wa dada yako!"

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Haya, memsabu hakutujua. Lakini huyu alitujua! Alijua mfereji ule unaishia wapi, alikuwa ameupita mara ngapi akija kula kwetu. Kichwani mwake tu hakuwahi kuunganisha juu na chini. Hicho ndicho kilichoniudhi, mwanangu, na ndicho kinachoniudhi kwako.

Kelele zikamtoa memsabu. Neno moja tu la memsabu, na jioni vyombo vyetu vingekuwa barabarani, na wakati ule mtu asiye na pa kukaa alikamatwa kama mwizi. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo akaiweka ile nduma iliyooza juu ya ngazi safi ya jikoni, akasema kwa Kiswahili kile kibovu cha Wazungu:

"Memsabu, maji yako imeua chakula yangu."

"Nini? Hii ni maji tu," memsabu akasema. "Kidogo tu. Jua itakausha."

Mama hakubishana naye juu ya maji. Akayaonyesha mapipa yaliyopangwa ukutani yakisubiri gari la stesheni. "Hii pipa inarudi Mombasa na nini?"

"Hapana kitu. Inarudi tupu."

"Basi irudi na maji yake. Kwao ni huko."

Memsabu akawa mwekundu hadi shingoni. Hakusema ndiyo, hakusema la. Akamwambia Mama asikanyage tena pale juu, akaingia ndani na kuufunga mlango. Tukashuka. Siku nzima nilichuma kahawa huku nikitazama njia, nikingoja nyapara aje kututoa.

Hakuja. Gari la stesheni lilipokuja, watu walishangaa kuona wapakiaji wanagumia kwa uzito. Mjomba alikuwa ameyajaza mapipa yote maji machafu, akayafunga, bila kuagizwa na mtu. Angeweza kufukuzwa. Toka siku hiyo mfereji haukupata tena hata kata moja ya maji yale.

Usishangilie bado. Nduma hazikupona. Pale tulipolima hapakuota kitu tena hadi mvua za masika zilipopiga na kupiga. Tulikunywa uji mwembamba, na mdogo wetu wa mwisho akafika mahali pa kukaa tu mlangoni, hana nguvu ya kucheza. Mjomba alileta mabaki ya mezani kwa memsabu, akilia, akiomba radhi. Mama alimsamehe na watoto wakala. Lakini chumvi haielewi samahani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa wewe. Jana nimekuona hapa mtaani Gitothua, nje ya geti, na ndoo ya maji ya tangi lako la samaki wa chumvi, unayamimina mtaroni. Nilipokuuliza, mimi nyanya yako, ukanijibu, "Shosho, relax, ni maji tu." Maneno yale yale! Mtaro ule unapita kwenye bustani ya sukumawiki ya mama anayekuuzia mboga kila jioni. Angekumwagia wewe kitandani ungesema ni maji tu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sikukatazi samaki wako, ni wazuri. Nakukataza uvivu. Usiyamwage kwenye udongo, maana yatabaki humo. Usiyamwage mtaroni, maana mtaro una mwisho wake, na mwisho wake ni mto na shamba la mtu. Yapeleke kwenye choo au sinki iliyounganishwa na bomba la maji taka la mji, kidogo kidogo, na ufuatishe maji mengi ya kawaida. Choo chako kikiwa cha shimo, au cha tangi la kufukiwa, yatie kwenye mitungi uyabebe hadi kwa rafiki mwenye bomba, hata ikibidi uende nayo hadi mtaa wa Kahawa Wendani. Ni mazito? Ndiyo, yabebe! Samaki ni wako, na uzito ni wako. Ukiwa umeyatia dawa, uliza kwanza aliyekuuzia dawa hiyo. Na kabla hujainamisha ndoo yoyote maishani mwako, tembea kwanza kuelekea chini ukaone nani anakaa huko, kwa sababu popote pana mwenyewe.

Haya, nimemaliza kufoka. Mungu akubariki, mwanangu, akuzidishie mikono yenye nguvu na macho ya kuona ng'ambo ya geti lako. Na akujalie jirani wa juu mwenye utu, maana hata wewe, hapo ulipo, uko chini ya mtu.