Dawa ya Pamba na Mke Mwenzangu

Mume wetu alimleta yule mwanamke kutoka Kabambare nikiwa tayari na watoto, tukikaa nje kidogo ya Kasongo. Siku zile Wabelgiji walilazimisha kila nyumba kulima pamba. Asiyelima alifungwa au alipigwa kiboko. Mimi na mke mwenzangu tulipewa mashamba yaliyopakana, yote yakiteremka hadi kwenye kijito tulichoteka maji.

Mwenzangu alikuwa kijana, na mkono wake ulikuwa na bahati: chochote alichopanda kilishika. Monitere, yule Mwafrika aliyekagua mashamba kwa niaba ya mzungu wa kilimo, akachagua shamba lake liwe la mfano. Akampa pompi ya kubeba mgongoni na mikebe ya dawa ya wadudu. Mimi sikupewa kitu. Nilitoa wadudu kwa vidole, mgongo ukiniuma, huku nikimsikia ng'ambo ya mpaka akipiga pompi na kuimba.

Nilimwomba mume aniombee dawa na mimi. Alijibu kwamba mzungu alitaka shamba moja tu, na shamba zuri lilikwisha kuonekana. Nikarudi shambani kwa wadudu wangu.

Pamba yake ilipopasuka, watu walisimama njiani kuitazama. Mume akahamishia kiti chake barazani kwa mwenzangu, na chakula nilichompikia kikapoa kikimngoja.

Ikanyesha mvua kubwa. Kesho yake nilienda kuteka maji nikakuta samaki wadogo na kaa wameelea, matumbo juu, hasa pale mwenzangu alipozoea kuoshea pompi. Tena kuku waliodonoa wadudu shambani kwake walikuwa wakianguka, miguu ikitetemeka. Nilirudi mbio kumwambia mume kwamba dawa ile ni sumu. Hakuinuka hata kwenye kiti.

"Wivu ndio unakusemesha," alisema.

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Lakini samaki walikuwa wamekufa vilevile, na maji yale tulikuwa tukiyanywa.

Haikupita muda, mwenzangu akarudi kutoka kupiga dawa akitapika. Mtungi ulimponyoka mlangoni ukavunjika. Nilipomfikia alikuwa ameketi kati ya vigae, mikono ikimcheza.

"Yaya," aliniambia, kama alivyozoea kuniita, dada yake mkubwa, "hii dawa iko inaniua."

Nilimvua nguo zilizolowa dawa, nikamwogesha kwa maji ya kisima cha mbali, nikamlisha uji kwa mkono wangu hadi akaweza kusimama. Mume alizunguka ua tu.

Alipopata nguvu, mwenzangu alitia mikebe ile kikapuni, akaenda nayo kwa sultani, mkuu wa kijiji chetu. Wanawake tukamfuata. Alieleza habari ya samaki, ya kuku, ya maji, karibu maneno yaleyale niliyomwambia mume. Sultani alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye ile mikono isiyotulia. Akatangaza kwamba dawa ile ni marufuku katika mashamba yote ya kijito chetu.

Mzungu alikuja amewaka hasira, akatishia kumwondoa sultani kwenye kiti. Sultani alimjibu mbele yetu sote.

"Pamba tutalima. Hii sumu haitaingia tena mu maji ya watu."

Mzungu akapakia pompi na mikebe garini, akaondoka. Msimu uliofuata tulitoa wadudu kwa vidole, pamba ikapatikana ya kutosha, na kile kitisho hakikusikika tena. Polepole samaki wakaanza kuonekana kijitoni.

Lakini katazo lile watu waliliita sheria ya mwanamke wa Kabambare. Wageni walipokuja, mume aliwasimulia ushujaa wa mke wake, na mimi niliyesema kwanza nilikuwa nikiwapitishia chai. Mwenzangu mwenyewe hakuninyima haki yangu. Aliwaambia, "Yaya ndiye aliona samaki kwanza." Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu, kisha wakamgeukia yeye wasikie zaidi.

Mikono yake haikupona sawasawa. Mchi haukukaa mkononi. Basi sombe, yale majani ya muhogo, ya nyumba zote mbili niliitwanga mimi, nikampelekea yake ikiwa laini kama alivyoipenda. Mume alikula kwa mwenzangu kwanza, akaja kwangu ameshiba.