Mwenye Ukuta

Duka letu lilikuwa Mtoni, mtaa wa ndani, mbali kidogo na barabara kubwa. Mbele tuliuza unga, mchele, sabuni za mche na mafuta ya kula ya kupima. Nyuma kulikuwa na stoo yenye dirisha moja dogo, juu kabisa karibu na bati, kiasi kwamba hata saa sita mchana mtu akiingia humo lazima asimame kwanza macho yazoee. Magunia yalipangwa pande tatu. Ukuta wa nne ulikuwa mtupu. Baba aliwahi kuweka shelfu pale, bibi akamwambia aitoe siku hiyohiyo, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kuamrishwa, aliitoa.

Bibi alikuwa mama yake baba, mjane, mwanamke mrefu mwembamba mwenye pua ya watu wa kwao Arabuni na Kiswahili cha mtu aliyezaliwa na kukulia Temeke. Baada ya swala ya alasiri, biashara ikipoa, alitukusanya sie wajukuu watano stoo, akatandika mkeka, akakaa na mgongo wake kwenye gunia. Kisha akachukua jiwe la mizani, lile la nusu kilo, akagonga ukuta mtupu mara tatu.

"Mwenye Ukuta, upo?"

Nje tulisikia cherehani ya fundi wa mtaa, na mbele ya duka mtu akiuliza bei ya sukari. Halafu ukuta ulijibu. Ko. Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayegonga akiwa amelala.

Kugonga mara moja kulikuwa ndiyo. Mara mbili, hapana. Ndivyo bibi alivyotufundisha. Na tulipomuuliza Mwenye Ukuta ni nani, alisema ni mwanamke aliyekuwepo pale kabla ya nyumba. "Mafundi walipokuja kujenga hawakumwona. Wakamjengea humo ndani. Na yeye hakusema kitu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza."

Hadithi zote, bibi alidai, zilikuwa za yule mwanamke. Yeye alizisema tu. Ilikuwepo ya mwanamke mmoja aliyeteka maji kisimani akarudi na ndoo iliyojaa sauti za watu. Ikifika pale amesimama mlangoni na ile ndoo, bibi alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akageukia ukuta. "Aimwage?" Siku nyingine ukuta ulisema ndiyo, na sauti zikatawanyika mtaani kila moja ikitafuta nyumba yake. Siku nyingine ulisema hapana, na mwanamke akaiingiza ndoo ndani, akaifunika, akaishi nayo. Hadithi ileile haikuisha namna moja. Nilikuwa nashikilia mkeka kwa mikono miwili nikisubiri jibu.

Binamu yangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, hakuamini. Alisema ni jirani tu. Na kweli nyuma yetu kulikuwa na nyumba iliyopakana na yetu mgongo kwa mgongo, wakikaa humo mwalimu mmoja wa kike na mumewe, Wakristo wa Njombe. Mwalimu alifundisha zamu ya asubuhi, mchana alikuwa nyumbani. Siku moja bibi alipoanza, binamu akatoka, akazunguka nyuma, akapanda tofali, akachungulia dirisha la chumba kilichokuwa upande wa pili wa ukuta wetu.

Sisi ndani tulisikia ko. Muda si mrefu binamu akarudi. Alikaa mwisho wa mkeka. Tulipomaliza nikamfuata uani.

"Umeona nini?"

"Kitanda," alisema. "Kitanda na kabati. Hamna mtu mle. Na umegonga, nimeusikia umegonga."

Hakuwahi kurudi tena stoo. Mimi nikazidi kwenda. Ni vigumu kueleza hofu ile ilikuwa na utamu gani. Nilikuwa nikipita kwenye korido usiku kwenda chooni naweka kiganja ukutani, nasikiliza, na dunia nzima inakuwa kubwa kuliko ninavyoiona.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa na mama yangu alikuwa Maskati. Alikwenda kumuuguza shangazi yake, akasema atakaa miezi mitatu, ukawa mwaka. Alipiga simu kila Ijumaa. Baba alisema atarudi Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi, kisha akasema baada ya Rajabu. Alasiri moja bibi alikuwa katikati ya hadithi, akafika pale anaponyamaza, na kabla hajauuliza ukuta nikauliza mimi. Sijui kilichonituma.

"Mwenye Ukuta, mama atarudi?"

Bibi alinyoosha mkono kama anayetaka kuniziba mdomo. Hakuwahi.

Ko. Ko.

Nakumbuka uso wa bibi. Nilimtegemea anikaripie, au acheke, atengue. Alikuwa ameogopa. Mtu mzima, aliyekuwa akitutisha kila siku, alikuwa ameutazama ukuta wake mwenyewe na mdomo wazi. Alitwambia tutoke. Alibaki mle peke yake, na baada ya dakika chache nilimwona akipita uani haraka, bila buibui, kanga tu kichwani, akatokea mlango wa nyuma. Bibi hakuwahi kutoka nje namna ile.

Simu ikaja siku ya nane. Haikuwa Ijumaa. Baba aliipokea akiwa dukani, mteja anasubiri unga, na alimalizia kupima ule unga, akaufunga, akampa mteja, ndipo akaja ndani kutwambia. Mama aliugua siku nne tu. Alizikwa hukohuko.

Sikumwambia mtu yeyote, lakini nilijua nimemuua mimi. Nisingeuliza, jibu lisingekuwepo. Nililala na wazo hilo miaka mingi, hata nilipokuwa chuo cha ualimu, msichana mkubwa anayecheka na wenzake, nikizima taa lilikuwa linakuja.

Bibi alikaa karibu mwaka bila kugonga ukuta. Nilimwomba mimi mwenyewe aanze tena. Watu huwa wanashangaa nikisema hivyo. Lakini stoo bila hadithi ilikuwa stoo tu, ina harufu ya mende na mchele, na mama alikuwa hayupo kila mahali mle ndani. Nilihitaji pawepo mahali pamoja ambapo jambo lolote linaweza kutokea. Bibi alinitazama sana. Alikubali kwa sharti moja. "Tunauliza ya hadithini. Ya walio hai hatuulizi. Umenisikia, mjukuu wangu?" Nikamwambia nimesikia. Akasimulia mpaka nilipomaliza darasa la saba, kisha magoti yakamshinda kukaa mkekani.

Sasa nakaa Kibamba, nafundisha darasa la tatu. Bibi alifariki Mtoni, mzee sana, na siku ya arobaini nilikwenda na binti yangu wa miaka minane. Baada ya dua, wanawake wakiwa uani na sahani za pilau, niliona mama mmoja mnene, mweupe wa nywele, amekaa peke yake karibu na mlango wa stoo. Nilimtambua, ni yule jirani wa nyuma. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa sauti nyembamba?"

Sikumwelewa. Akacheka, akanishika mkono tuingie stoo. Baba alikuwa ameipaka rangi na kuijaza katoni, ila ukuta ule bado ulikuwa mtupu. Mwalimu akauwekea kiganja kama unavyomshika mtu bega.

"Bibi yako alinikataza nisiseme akiwa hai," alisema. "Aliyekuwa anagonga ni mimi."

Nilikaa juu ya katoni.

Akanieleza. Walipohamia pale alikuwa amezika mtoto wa wiki tatu. Mumewe alikuwa akitoka kazini anamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, analia. Upande wa pili, bila yeye kujua, bibi yangu alikuwa ndani ya eda. Stoo ile ndiyo ilikuwa chumba chake wakati huo, na miezi minne na siku kumi hakuwa anatoka. Alimsikia mtu analia ukutani. Akagonga. Mwalimu akanyamaza, akashtuka, kisha akagonga na yeye.

"Tuligongeana siku zote zile. Sikumjua sura, sikujua kama ni mwanamke au mwanamume. Nilikuwa mgeni, dini nyingine, sijui kama naruhusiwa kuingia kwenye msiba wenu. Eda ilipoisha mtu akaja mlangoni kwangu, akagonga kwa mgongo wa kidole, vilevile. Nikajua ndiye."

"Na hadithi?"

"Zilianza baadaye, ninyi mlipokua. Aliniambia: ukisikia nimenyamaza, gonga. Basi. Nilikuwa nakaa sakafuni kwenye kona, chini ya dirisha, palepale nilipokuwa nalilia. Kuna siku kijana wenu alichungulia juu yangu, nikabana pumzi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na ndani yake kulikuwa na kitu kinafunguka, kizito, cha miaka mingi. Alikuwa mtu. Mwalimu wa zamu ya asubuhi, na vidole vyake. Nikamuuliza, huku nikijifuta macho, alikuwa anaamuaje kusema ndiyo au hapana.

"Ndiyo gani?"

"Mara moja ndiyo. Mara mbili hapana."

Alinitazama bila kuelewa. "Hakuna aliyeniambia hivyo, mwanangu. Nilikuwa nagonga tu, moyo unavyonituma. Maneno yenu sikuyasikia. Ukuta huu ni mnene, nilikuwa nasikia mvumo, kama nyuki. Sauti yako tu ndiyo niliitofautisha, ilikuwa nyembamba." Akashusha kiganja toka ukutani. "Bibi yako aliwahi kuniuliza hilo. Alikuja siku moja anahema, na kanga tu. Akaniuliza, umesikia alichouliza mtoto? Nikamwambia sijasikia kitu. Akasema, mbona umegonga mara mbili? Nikamwambia sijui, mkono umekwenda wenyewe. Basi akakaa chini, akaomba maji. Alikunywa akaniomba mengine. Mpaka anafariki hakunieleza."

Katoni niliyokalia ilikuwa imeanza kubonyea. Uani walikuwa wanaosha sahani.

"Ni wewe uliyeuliza siku ile?"

"Ni mimi."

"Uliuliza nini?"

Alikuwa mzee. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, ile mikono, na kucha zimekatwa fupi kama za walimu wa zamani. Hakujua aliusema msiba wangu siku nane kabla haujafika. Wala mimi sikujua tena alikuwa ameusema nani.

"Niliuliza kama simba wa kwenye hadithi atamla yule mtu," nikamwambia.

"Na mimi nikajibu nini?"

"Ulisema hapana."

"Afadhali," alisema, na akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Alisema miaka yote ile alikuwa akisikia mvumo tu, na watoto wakipiga kelele za woga, na kicheko cha bibi yangu, na kwamba hajawahi kusikia hata hadithi moja. "Nimegonga wee, sijui nilikuwa nagonga nini. Unazikumbuka?"

Nikamsimulia moja, palepale, ya fundi cherehani aliyeletewa kitambaa na mteja asiye na kivuli. Nilianza vibaya, kama ninavyosoma kitabu darasani. Halafu sauti ya bibi ikaniingia kooni na nikaacha kuitafuta. Mwalimu alisogea mbele. Fundi alipoanza kuchukua vipimo, alinishika kifundo cha mkono, akakibana, na hakukiachia mpaka mwisho. Nilipoinua macho binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na simu yangu mkononi, kioo kimezima, sijui alikuwa hapo tangu lini.

Tuliondoka kabla ya magharibi. Mpaka tunapita Ubungo binti yangu hakuuliza kitu, na yeye ni mtoto wa maswali, na maswali yake yote huwa anayamalizia kwenye simu kabla sijafungua mdomo. Tulipokaribia Kimara akanivuta mtandio.

"Mama, yule mteja ni wa kweli?"

Nimefundisha miaka kumi na mbili. Kuna neno ambalo mbele ya watoto sijalizoea.

"Sijui," nikamwambia.

Akalifikiria. Akatazama dirishani, watu wamejipanga pembeni ya barabara na jua limelala nyuma yao, na nikaona anawakagua chini, miguuni, mmoja baada ya mwingine.