Watoto Wangu Wamenikadiria Miaka ya Kuishi kwa Sababu ya Waranti ya Gari

Mwenye ukurasa, nifichie jina, lakini maneno yangu yaache kama nilivyoyaandika. Mimi ni mjane wa miaka sabini, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na naishi Makanyagio hapa Mpanda. Nina watoto wawili: wa kiume, ambaye anaishi kwangu pamoja na mke wake, na wa kike, ambaye ameolewa Sitalike. Nimewasoma wengi humu mkilia. Mimi silii. Nataka shauri, na ninalitaka kabla ya Ijumaa.

Nilipostaafu sikukaa bure. Nilianza kununua mpunga Kibaoni, nikaukoboa na kuuza mchele mjini. Kwa muda mrefu nilikodi magari ya watu, mpaka mwaka huu niliponunua pikapu mpya kabisa. Jina kwenye kadi ni langu. Mwanangu ndiye dereva, na nitasema haki: anaendesha vizuri. Siku gari lilipofika nilitaka kuondoa nailoni kwenye viti. Akanishika mkono. "Mama, iache hiyo, gari lisichakae mapema." Nikaketi juu ya nailoni hadi Kibaoni, jasho likinitiririka mgongoni, nikadhani huo ni utunzaji.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa kampuni iliyoniuzia gari. Alieleza kwamba dhamana ya kiwandani, ambayo nyinyi mnaiita waranti, ni ya miaka mitatu. Nikitaka, nilipie sasa dhamana ya ziada ya miaka mitatu mingine, ili injini ikifa au giaboksi ikigoma, watengeneze wao. Kwa barabara zetu na mizigo tunayobeba, niliona ni jambo la maana. Binti yangu alikuwa amekuja kunitembelea, kwa hiyo niliwaita wote sebuleni tujadiliane.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliuliza swali moja tu. "Na mwenye gari akifariki?"

Kijana akajibu kwa aibu kwamba dhamana ya ziada inafuata jina la aliyeinunua. Gari likiuzwa, au mwenyewe akifariki, inaishia hapo. Hairithiwi.

Mwanangu akacheka. "Sasa si unaona, Mama? Hiyo ya ziada itaanza ukiwa na sabini na tatu. Tunamnunulia nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mama, tusidanganyane. Kwani bibi aliondoka na miaka mingapi?"

"Sabini na moja," binti yangu akajibu upesi, kama mwanafunzi anayetaka sifa. "Na mjomba hata hakufika huko."

"Umesikia? Ukoo wenu hauvuki hapo. Hamisha kadi ije kwangu, mimi ndiye ninunue waranti. Mimi bado nipo nipo sana."

"Ila miguu anayo bado," mkwe wangu akasema, akinitazama magoti kama watu wanavyotazama ng'ombe mnadani. "Shida ni hiyo presha."

"Presha haina adabu, wifi. Jirani yangu alianguka anasonga ugali, hata maji hakuomba."

Wakacheka wote watatu. Kijana wa kampuni alikuwa akitazama viatu vyake.

Niliwanyamazisha. Nikamwuliza kila mmoja ananipa miaka mingapi. Nilitaraji waone haya na waniombe radhi. Mwanangu akasema minne. Mkwe wangu akasema mitano, Mungu akipenda. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alifikiri sana kisha akasema, "Mama, mimi nisiwe mnafiki. Mitatu." Mitatu, kama gari lilivyopewa na kiwanda.

Niliwaambia kwamba kadi haihami, na kwamba dhamana nitainunua kwa jina langu hata nikifa siku ya pili yake. Kisha mwanangu akamgeukia dada yake. "Basi ndugu yangu, huyu mama ni wa kutunzwa. Giaboksi ikifa mwaka wa tano, yeye ndiye tunayemhitaji akiwa hai."

"Nyie msijali," mkwe wangu akasema. "Kuanzia kesho ni uji wa lishe."

Nilidhani ni mzaha. Asubuhi iliyofuata aligonga mlango wangu akiwa na uji wa moto. Tangu aolewe hakuwahi kufanya hivyo. Binti yangu, aliyekuwa akinipigia simu mchele unapomwishia, sasa ananipigia kila jioni: "Umekunywa dawa, Mama?" Juzi mwanangu alinipeleka kupima presha. Alisimama kando ya muuguzi, akasoma namba yeye mwenyewe, akashusha pumzi kama anavyofanya akisoma kijiti cha oili. "Iko vizuri," akasema. Hakuwa akisema na mimi.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Uji ule ni mtamu. Tangu mume wangu afariki, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimelala vyema. Sasa ninaulizwa, nami nimeanza kuamka mapema nikisikiliza nyayo mlangoni, huku nikijua fika zinaletwa na nini.

Kijana wa kampuni anarudi Ijumaa. Nikitia sahihi kwa jina langu, watoto wangu watakuwa na sababu ya kuniombea uhai mpaka dhamana iishe, na siku itakapoisha nitakuwa bibi wa miaka sabini na sita ambaye hana kazi tena. Nikimhamishia mwanangu kadi, sijui kama atakuwapo wa kugonga mlango hata siku moja. Nikikataa yote mawili, watarudi kunisubiri.

Msinipe pole, wala msinifundishe kusamehe. Nyinyi mlio na mama, semeni ukweli kama binti yangu alivyousema: niinunue dhamana hii ili nitunzwe, au nibaki bila kutunzwa?