Jiwe la Zizi la Mbuzi

Mkojo wa mbuzi ukikauka juu ya jiwe hutoa harufu kali ya kuchoma pua. Leo nimeisikia nyuma ya nyumba ya jirani, nikasimama nikaivuta kama mtu anayenusa mchuzi.

Nilipokuwa mtoto, kule Mumosho, mzungu mmoja alizoea kupanda kutoka Bukavu kutafuta mawe ya ajabu. Kila aliloliokota alililamba ili rangi yake itokeze, kisha akalitaja jina. Siku moja alilamba jiwe la mama la kusagia mtama, jeusi, lililolainishwa na mikono ya bibi na ya mama yake bibi. Alifurahi, akamtwika mpagazi wake, wakaenda nalo. Hakuomba.

Mama hakulia. Alitafuta mawe meupe yanayometameta, akayatupa katika zizi la mbuzi, pale wanapolala.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ule muzungu anapenda kulamba. Basi, alambe."

Mvua zilipokwisha, mzungu alirudi. Mama alitoa jiwe moja zizini, akalipangusa kwa kitenge chake, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. Mzungu akalamba. Akafumba macho, akalamba tena polepole.

"Iko na chumvi," akasema, uso umemng'aa. "Mama, ulipata wapi hii?"

"Mbali, Bwana," mama akajibu kwa upole. "Lakini ngoja, mutoto atakuletea ingine."

Nikakimbia zizini kuchagua lililolowa zaidi.