Dobi wa Wapiganaji

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, mke wa mzee alimpokonya mumewe kikombe kabla hajamaliza chai. "Baba watoto, toka nje. Leo naulizwa mimi."

Mtafiti wa historia, binti mpole mwenye kinasa sauti, alikuwa na utaratibu wake: wanawake aliwahoji peke yao, maana waume wakiwapo, wao ndio hujibu.

Mzee alinung'unika. "Vita nilipigana mimi. Wewe ulikuwa dobi tu."

"Basi kapigane na kuku huko uani," akamjibu, wote wakacheka.

Siku chache baada ya mahojiano moyo wa mkewe ulisimama ghafla. Baada ya maziko binti alirudi kumuuliza mzee kama sauti ile ihifadhiwe au ifutwe. Mzee akaomba aisikie kwanza, kwani mkewe hakuwahi kumsimulia habari za vita. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinama.

"Ihifadhi, mwanangu," alisema. Kisha akaomba kurudishiwa pale mkewe aliposema: "Shati lisipokuja kuchukuliwa, nilijua mwenye shati amekufa. Nililipiga pasi hivyo hivyo, nikampelekea mama yake."