Mpiga pweza wa Kismayo amwita mwanawe

Saa moja na robo asubuhi, nyuma ya mkahawa mmoja ulio karibu na bandari ya Kismayo, Mwanatumu Sheikhan anamshika pweza kwa mikono miwili, anamwinua juu ya kichwa na kumbwaga kwenye sakafu ya saruji. Anamwinua tena. Maji ya chumvi yanamrukia usoni, lakini hayapangusi. Kila pigo la tatu anaita kwa sauti: "Wa Adnani!"

Mbele yake kuna beseni la plastiki lenye pweza kumi na tisa. Atawamaliza wote kabla ya adhuhuri. Kila mmoja hupigwa si chini ya mara hamsini, kisha husuguliwa kwa chumvi ya mawe mpaka ute utoke, ndipo apelekwe jikoni.

"Usipompiga, utatafuna mpira wa gari," anasema huku akicheka kidogo. "Na hawa vijana wa simu meno yao ya maziwa."

Vijana wa simu ndio wateja. Kwa miezi minane sasa, pweza wa mkahawa huu ndiye chakula kinachozungumzwa kuliko vyote na vijana wa Kismayo kwenye Tiktok. Huchomwa juu ya makaa, hukatwa vipande, huwekwa kwenye kikaango cha chuma chenye moto na kumwagiwa jibini na pilipili mbele ya mteja, moshi ukipanda. Katika orodha za vyakula vya kuonja ukifika mjini, mara nyingi hutajwa wa kwanza. Watu wanamfuata kutoka Mogadishu na Nairobi. Wakati wa likizo wanakuja na waliozaliwa Ulaya, wakiwa na simu kubwa na vifimbo vya kuzishikia.

Kila video ya mkahawa huanza na mikono ya Mwanatumu. Mikono tu. Uso wake haujawahi kuonekana, kwa sharti lake mwenyewe.

Ana miaka hamsini na minane. Alizaliwa Chovai, katika visiwa vya Wabajuni. Mwaka 1991 alikimbilia Kenya pamoja na wazazi wake, akarudi kisiwani baada ya miaka saba, akazaa mtoto mmoja, akafiwa na mume kwa homa. Vita vilipofika visiwani alihamia Kismayo na mwanawe. Sasa anakaa kwenye banda la mabati na maturubai pamoja na Tasnim, binti wa kaka yake, ambaye huosha vyombo katika mkahawa huohuo.

Anakumbuka mji huu ulivyompokea. "Nilikuwa nikipita sokoni na kikapu cha samaki, watoto wanaziba pua. Wanatuita wala samaki, na kwao hilo lilikuwa tusi. Leo watoto walewale wanapanga foleni."

Kikaango kimoja kinauzwa dola kumi na nane. Yeye hulipwa dola sita kwa siku. Alipoulizwa mwaka huu amekula pweza mara ngapi, alifikiri kwanza. "Mara moja. Idi." Nyumbani wanakula ugali na maharage.

Kuita jina wakati wa kupiga pweza ni desturi aliyokuja nayo. "Kule kwetu mwamba wa kupigia ni mmoja na wanawake ni wengi," anaeleza. "Mchu, yaani mtu, akipiga kimya, pweza wake watachanganyika na wa mwenziwe. Kwa hiyo unaita jina la aliyemvua. Mimi niliita la baba, kisha la mume wangu, kisha la mwanangu."

Mwanawe ni Adnani. Alipomvua pweza wake wa kwanza alikuwa na miaka kumi, na pweza mwenyewe alikuwa mdogo kama kiganja. "Nikaita, 'Wa Adnani!' Wanawake wote mwambani wakacheka. Akakimbia kwa aibu mpaka nyumbani. Lakini kesho yake alileta wawili."

Miaka sita iliyopita, Adnani akiwa na miaka kumi na tisa na akibeba magunia bandarini, aliondoka bila kuaga. Alipita Sudan akaingia Libya. Alipiga simu mara moja tu, kwa simu ya mtu mwingine. Mwanatumu anayakumbuka maneno yote, maana yalikuwa machache. "Aliniambia, 'Mama, tuko karibu na bahari. Bahari ya huku haina mwamba.' Nikamwuliza amekula. Simu ikakatika."

Hajasikia tena habari yake.

Ndugu wa marehemu mumewe wamemshauri mara nyingi akubali kijana asaliwe na asomewe hitima, ili roho za watu zitulie. Mwaka huu wamempa muda. Kama hakuna habari yoyote mpaka mwezi wa Shaabani, watasoma hitima, awepo asiwepo. Makala haya yalipoandikwa, zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya Shaabani.

"Siwalaumu, wana nia njema," anasema. "Lakini kila baada ya sala namwombea kama aliye hai. Nitamwombeaje kama maiti, na Mungu hajaniambia?"

Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya akubali kupigwa video. Mwenye mkahawa, Fuadi, kijana mwenyeji wa Kismayo aliyekulia Nairobi, alimwomba mara mbili akakataa. Mara ya tatu Tasnim alimwambia kwamba video hizo zinafika hata Libya, hata Italia, hata kambini. Mwanatumu akatoa masharti mawili: uso usionekane, na aachwe aite kama anavyoita. Fuadi alikubali bila kuuliza ni jina la nani.

"Mwanangu hahitaji kuuona uso wangu," anasema. "Akisikia sauti ile, popote alipo, atajua ni mimi."

Tangu hapo, kwa miezi minane, ameita mbele ya simu. Kila Ijumaa baada ya sala, Tasnim humsomea maoni ya watazamaji. Wengine husifu mikono. Wengine huuliza bei. Mwanatumu husikiliza yote mpaka mwisho, kisha huuliza swali moja: "Hakuna aliyelitaja jina?"

Siku za wageni wengi, Fuadi humwomba ampige tena pweza ambaye tayari amelainika, ili watu warekodi. Jumatano moja aliombwa hivyo mara nne. "Fuadi, huyu ameshakufa mara tatu," alimtania. "Mwache apumzike." Watu wakacheka. Akampiga tena, akaita.

Ilikuwa Jumatano hiyohiyo mambo yalipobadilika. Sabah, msichana aliyezaliwa Birmingham kwa wazazi Wabajuni, alimkaribia baada ya kurekodi. Kiswahili chake ni cha nyumbani, lakini kinaeleweka.

"Bibi, unajua wewe ni maarufu? Umewahi kujiona?"

"Sina simu, mwanangu."

"Basi tazama. Hii imetazamwa mara laki tatu!"

Akaiweka simu mbele yake na kupandisha sauti. Mikono ikatokea, ikamwinua pweza na kumbwaga. Ngoma nzito ya muziki wa vijana ikalia, kila pigo la pweza likiangukia kwenye pigo la ngoma. Hapakuwa na sauti nyingine yoyote.

Mwanatumu alitazama mpaka mwisho. "Mimi niko wapi?" akauliza.

"Si ndiyo hii mikono yako?"

"Nimeiona mikono. Sauti yangu iko wapi?"

Sabah alifungua video nyingine, kisha nyingine. Zote zilikuwa na muziki. Msichana akaanza kuomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake.

Mwanatumu alimweka pweza chini taratibu na kumwita Tasnim, aliyetoka jikoni mikono ikiwa na povu. "Wewe ulijua?"

Tasnim aliinamisha kichwa. "Nilijua, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

"Na kila Ijumaa unanisomea?"

"Niliogopa," Tasnim alisema. Alikuwa akilia. "Niliona unapika ukiimba. Miaka yote hujaimba. Ningekwambia vipi?"

Siku hiyo pweza saba walibaki kwenye beseni bila kupigwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Fuadi hakukana. "Nilidhani ni wimbo wa kazi tu," alisema, akikwepa kumtazama. "Mama, video isiyo na muziki haitembei. Ndivyo ilivyo." Alipoambiwa Adnani ni nani, aliweka video moja bila muziki, ikiwa na sauti ya mama huyu akimwita mwanawe mara kumi na moja. Baada ya siku tatu ilikuwa imetazamwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Wiki hiyohiyo, video yenye ngoma ilitazamwa na watu elfu tisini.

Watu walidhani Mwanatumu ataacha kazi. Hakuacha. Ijumaa, badala ya kukaa kusikiliza maoni, alikwenda kwa jirani yake Twahira, fundi wa kuwapamba maharusi.

Tangu Adnani aondoke, Mwanatumu hajawahi kujipaka hina, hata Idi. Twahira alipomwona mlangoni alishtuka. "Kuna harusi, Mama Adnani?"

"Hakuna. Nataka uniandikie."

Alinyoosha mikono yote miwili, kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo Tasnim aliandika kwanza kwenye karatasi na Twahira akanakili polepole kwa hina nyeusi. Mkono wa kulia: ADNANI. Chini yake: MAMA YAKO, CHOVAI. Mkono wa kushoto uliandikwa nambari ya simu ya Tasnim. Hakukuwa na maua wala nakshi.

"Wao wanataka mikono," Mwanatumu alisema. "Basi waichukue hivyo ilivyo."

Twahira alimwonya kwamba chumvi ya mawe itaila hina hiyo kwa siku nne. Mwanatumu akapanga naye kurudi kila Ijumaa, na tena Jumanne. Twahira amekataa malipo.

Jumamosi asubuhi alifika kazini, akakunja mikono ya gauni na kumshika pweza wa kwanza. Fuadi aliisoma mikono ile. Alimwashiria mpiga picha wake asogee karibu zaidi, kisha akaingia ndani.

Mwanatumu bado anaita kila pigo la tatu, ingawa sasa anajua kwamba ngoma itaifunika sauti yake. "Hiyo ni ya kwangu na Mungu," anasema. Anakusudia kuendelea mpaka Shaabani, na kama hitima itasomwa, atakaa na wenzake asikilize. Siku itakayofuata atarudi kwa Twahira.

Kwa sasa anaomba jambo dogo tu. Simu ya Tasnim, yenye kioo kilichopasuka, haipaswi kuzimwa wala kunyamazishwa, hata wakati wa kuosha vyombo. Imewekwa kwenye rafu juu ya sinki, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Jumatatu, kabla ya adhuhuri, iliita mara mbili. Kila ilipoita, mapigo yalikoma uani na Mwanatumu akaja kusimama mlangoni, mikono ikichuruzika maji. Simu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyetaka meza ya watu wanane. Ya pili ilikuwa ya msichana wa Mogadishu aliyetaka kujua hina ile nyeusi inauzwa wapi.

"Mwelekeze," alimwambia Tasnim. "Ajibiwe vizuri. Huenda ana ndugu huko Libya."

Akarudi kwenye beseni. Walikuwa wamebaki pweza kumi na mmoja.