Landrova Yangu na Redio za Mama Kulwa

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana saa moja kasoro asubuhi, viatu nimevipiga rangi kama mtu anayekwenda kupiga picha. Ilikuwa karakana ya magari ya idara moja ya serikali, hapa Mwanza. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi kutoka Magu ambaye ovaroli yake ilikuwa safi kuliko shati langu, hakuniuliza cheti. Alinipeleka uani, kwenye Landrova iliyokuwa ikiunguruma, akaniambia nifumbe macho.

"Huyu anaumwa nini?"

Nikasikiliza, nikasema plagi moja haichomi.

"Umekosea, ni tapeti," akasema. "Lakini umesikiliza kabla hujashika spana. Kavue hivyo viatu, uanze kazi."

Tapeti, kwa ninyi mnaopima magari kwa kompyuta, ni vipande vya chuma vinavyosukuma valvu za injini zifunguke. Uwazi wake ukizidi kidogo tu, injini hugonga kwa sauti nyembamba. Tulikuwa tunaupima kwa vibati vyembamba vilivyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, lakini Mkuu wa Karakana alitaka uisikie sauti kwanza, ndipo upime. Ndani ya miaka mitatu nilikuwa naweza kusimama getini na kujua gari linaloingia lina ugonjwa gani. Watu wakasema Fundi Deusi ana sikio. Nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyopenda mshahara.

Nilipoanza kujenga nyumba yangu Mkolani, pembeni ya mji, nilikuwa na mke, Leokadia, ambaye tangu tulipopata mapacha anaitwa Mama Kulwa. Alikuwa fundi cherehani. Mimi nilikuwa na maradhi ya mafundi wengi, ya kutoka kazini na kwenda nyumbani kufanya kazi ileile. Idara ilipofuta magari chakavu kwenye daftari, nilinunua Landrova fupi iliyobaki chesesi, yaani fremu ya chini, na injini ambayo pistoni zake zilikuwa zimeganda. Niliiweka nyuma ya nyumba, katikati ya mawe mawili makubwa, nikaifunika turubai. Kila Jumamosi nilishinda nayo.

Maradhi ya pili yalikuwa vyombo vya muziki vya zamani. Mzee Jayanti, mfanyabiashara ambaye nilikuwa namtengenezea gari, alinipa radiogramu ya marehemu baba yake alipokuwa anahamia kwa mwanawe. Radiogramu ni kabati la mbao lenye redio, gramafoni ya kuchezea santuri, na spika, vyote ndani ya kitu kimoja. Ile ya Mzee Jayanti ilikuwa ya taa za kioo, zile zinazowaka rangi ya chungwa zikipata moto. Ukiiwasha ilitoa mvumo mzito, mmm, muziki ukawa mbali huko nyuma kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Nilibadilisha transfoma, mvumo ukabaki. Nikabadilisha taa mbili, ukabaki. Mama Kulwa alikuwa akiniangalia kutoka kwenye cherehani yake.

"Umejuaje kama ni transfoma?" aliniuliza siku moja.

"Ni kazi za mafundi hizi, Mama Kulwa."

Alirudi kwenye mshono wake.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Ukerewe kuwa msimamizi wa karakana ndogo ya Nansio. Mkubwa wangu wa huko alikuwa Ofisa Usafirishaji, mtu mpole aliyependa barua kuliko magari. Nilikuwa navuka kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwezi wa tano au wa sita wa kukaa huko, nashuka kwenye kilima cha kwetu Jumamosi mchana na samaki mkononi, nikasikia muziki. Sauti ilikuwa nzito na safi, gitaa la besi unaweza kuligusa. Ilitoka nyumbani kwangu.

Mama Kulwa alikuwa anakata kitambaa, na radiogramu inaimba kando yake.

"Nani kaja kuitengeneza?" Hata salamu sikutoa.

"Hakuja mtu. Karibu, pole na safari."

"Nakuuliza fundi gani aliingia humu ndani."

Akaweka mkasi chini, akanitazama. "Mimi, Baba Kulwa."

Sikuamini. Nilitoka nikaenda kwa jirani yetu, Mama Sabina, nikajifanya nampelekea samaki, nikamuuliza kama aliona mwanamume yeyote kwangu. Mama Sabina aliniambia bila kunionea haya kwamba hakuna mwanamume, na kwamba mke wangu alikaa wiki tatu na lile kabati mpaka wateja wa nguo wakaanza kulalamika.

Nilirudi pole pole, nikiwa na wivu mbaya kuliko niliokwenda nao. Angekuwapo mwanamume, ningejua la kufanya. Ningegomba, ningefukuza, ningewaita wazazi. Sasa mtu aliyenishinda alikuwa ananipakulia ugali.

Alinionyesha alivyofanya. Alichora nyaya zote kwenye karatasi yake ya kukatia mitindo, kisha kila waya akaufunga uzi wa rangi yake ili asipotee njia. Akazifuata moja moja, hadi kwenye kopo dogo la bati lililokuwa limevimba. Hiyo ni kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme na kuutuliza kabla haujafika kwenye spika. Ilikuwa imekauka. Alipeleka mfano wake mjini, akapata nyingine, akaichomea kwa risasi ya kuungia nyaya, kwa chuma changu mimi mwenyewe cha kuchomea. Mshono wake wa risasi ulikuwa mdogo na unang'aa. Wangu huwa kama tope lililokauka.

"Vizuri," nilisema.

Habari zikaenea. Mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu cha Butimba akaleta gramafoni, mwenye baa akaleta spika. Niliporudi Mwanza kwa kazi, watu walikuwa wakifika getini na mabegi, wakinikuta nimelala chini ya Landrova yangu. "Shikamoo, fundi. Mama yupo?" Mimi nilikuwa mtumishi mwenye vyeti viwili na mafundi saba chini yangu. Siku moja Ofisa Usafirishaji mwenyewe, aliyekuwa amehamia mjini, alikuja na kinasa sauti chake cha kanda. Alinipita na kwenda moja kwa moja barazani kwa mke wangu, wakazungumza saa nzima. Nilikaza boliti moja ileile mpaka ikakatika.

Landrova yenyewe ilikuwa imekamilika kasoro jambo moja. Niliichonga upya silinda, nikaisuka kabureta, nikaipaka kijani. Ikiwa baridi ilikwenda vizuri. Ikishapata moto, tukipanda mlima, inakosa nguvu na kukatakata. Nilifungua mfumo wa mafuta mara nne.

"Gari yako inakohoa ikipata joto tu," Mama Kulwa alisema akiwa dirishani. "Kile kikopo kidogo pembeni ya distributa, si ndugu yake na vile vya kwenye redio? Vya redio vikichoka huanza kukosea vikipata joto."

Alikuwa anasema kondensa, ya pembeni ya distributa inayogawa umeme kwenye plagi. Na ni kweli, kondensa ya gari na kapasita ya redio ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mimi niliyekaa na magari miaka ishirini na mitano sikuwahi kuwaza hivyo.

"Shona nguo zako," nilimwambia.

Alifunga dirisha. Siku tatu baadaye, alipokwenda sokoni, nilibadilisha kondensa. Landrova ikapanda mlima bila kukohoa hata mara moja. Sikumwambia. Karakana nzima ilinipongeza nilipoingia nayo Jumatatu, na Mkuu wa Karakana wa wakati ule, mrithi wa yule wa Magu, aliita mafundi wote waje wasikilize. "Hii ndiyo kazi ya sikio," aliwaambia. Nikasimama hapo nikapokea sifa.

Ungedhani mtu akishapata alichokitaka, wivu hupungua. Wangu ulizidi, kwa sababu sasa nilijua kwa hakika kwamba amenishinda.

Mwezi uleule parokia ilimpa Mama Kulwa ampilifaya ya kanisa aitengeneze kwa ajili ya kipaimara. Ampilifaya ni mashine ya kukuza sauti. Askofu alikuwa anakuja, na watoto walikuwa wengi. Mama Kulwa aliimaliza Ijumaa, akaijaribu, ikaongea vizuri. Jumamosi asubuhi alipotoka kupeleka sare za kwaya, nilifungua kifuniko cha nyuma. Nikachukua koleo yangu ya kukatia, nikaubana waya unaokwenda kwenye transfoma ya spika mpaka ukabaki umeshikwa na uzi mmoja. Nikafunga kifuniko. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, nimeoga, nimekunywa chai.

Jumapili ikazimika wakati katekista anaanza kusoma majina ya watoto. Kulikuwa na wazazi waliotoka mbali, wamesimama nje kwenye mawe kwa kukosa nafasi, na hawakusikia jina hata moja. Mama Kulwa alitoka kwenye benchi la kwaya, akapiga magoti nyuma ya mashine na kitenge chake kipya, akaifungua kwa sarafu. Chuma cha kuchomea kilikuwa nyumbani. Katekista alipaza sauti mpaka ikakauka. Nyuma yangu mtu akasema, "Ndiyo matokeo ya kumpa fundi cherehani kazi ya umeme," na watu wakacheka kwa chini.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Furaha ilidumu kama nyimbo mbili. Kisha nikamwona anarudi kwenye nafasi yake akiwa na vumbi la sakafu magotini, hajalipangusa, anaimba.

Nyumbani alikusanya vifaa vyake vyote kwenye mfuko wa salfeti, ule wa nailoni wa kutilia nafaka, akaufunga mdomo kwa kamba, akauweka juu ya kabati. Waliokuja na redio aliwaambia ameacha. Hakunitazama kwa ubaya, hakugomba. Alirudi kwenye cherehani, na nyumba ikawa kimya. Nilihamishiwa Sengerema, tukahamia wote, kisha tukarudi Mwanza nikiwa Fundi Mkuu. Miaka tisa ule mfuko ulihama nasi, na kamba yake haikufunguliwa.

Siku ya kuniaga kazini, Mhandisi wa Kanda alitoa hotuba. Alisimulia habari za Landrova ya kijani iliyowashinda mafundi na jinsi nilivyoiponya kwa kusikiliza tu. Watu walipiga makofi. Mama Kulwa alikuwa kwenye kiti cha mbele, na yeye alipiga makofi. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Jioni tukinywa chai barazani nilimwambia, "Ile ampilifaya ya kipaimara, waya niliukata mimi."

"Najua," alisema. "Niliona siku ileile. Koleo yako ina pengo, inaacha alama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyekuwa na la kusema." Alimimina chai. "Nilikusubiri mwaka wa kwanza, na wa pili. Baadaye nikachoka kusubiri, nikazoea. Hilo la kuzoea ndilo lililoniuma."

Nilimwomba msamaha. Akasema msamaha wa barazani haumtoshi, maana aibu haikumpata barazani. Basi Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama mbele ya waumini nikawaambia nilichofanya, na kwa nini. Katekista mpya hakujua atazame wapi. Mzee mmoja alitikisa kichwa muda mrefu. Hakuna aliyenipa mkono nje, na sikuudai.

Mfuko wa salfeti alikaa nao wiki nyingine ndipo akaufungua. Siku hizi vijana wenye kazi zao wamerudi kutafuta santuri na vyombo vya zamani. Wanamtumia picha kwenye simu, wanakuja kutoka Ilemela na hata Musoma. Mimi nimestaafu, kwa hiyo ni mimi ninayefungua geti.

Ninyi mnaoanza kazi mtategemea nimalize kwa kusema kwamba wivu umeniisha. Haujaisha. Bado nikimwona anainamisha kichwa kusikiliza spika, wivu hunirudia. Tofauti ni kwamba sasa nikiusikia unakuja, namwambia, "Mama Kulwa, wivu umenijia tena," naye hunituma dukani au kisimani mpaka upungue. Ningeanza kusema hivyo mapema, ningekuwa nimeishi miaka tisa zaidi na mtu ninayemjua.

Mwezi uliopita aliniomba nimfundishe kuendesha Landrova, amechoka kubeba spika za watu kwenye bodaboda. Gia za gari lile ni ngumu. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili inabidi ukanyage klachi mara mbili, usipopatia zinasaga kwa kelele. Mimi kujifunza kulinichukua mwezi mzima na matusi ya mwalimu. Tuliteremka kilima pole pole, spika ya mteja magotini kwangu. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga, akaisukuma gia ya pili. Iliingia kimya, kama kijiko kwenye uji.

Niligeuza uso dirishani.

"Umenuna?" aliniuliza, macho barabarani.

"Hapana."

"Umenuna, Baba Kulwa."

"Kidogo," nikasema. "Weka ya tatu."